Njiwa wa Siku ya Kwanza

Mgeni aliingia kwa miguu. Hilo ndilo lililomtisha Nyamizi kabla hajatishwa na jambo lingine lolote: kwamba mwenye mabawa alikuwa amechagua kutembea. Alitokea upande wa uwanda, mahali pasipo na njia, akaja akifuata njia isiyokuwepo kama mtu anayeikumbuka. Akafika langoni. Akasimama, akatazama ndani kwa jicho moja kisha kwa jingine. Halafu akapanda ukingo wa beseni la dawa, akashuka ndani yake, akalivuka polepole, dawa ikimfika mapajani, kama sheria inavyomtaka kila aingiaye. Akatokea upande wa pili, akajikung'uta. Alikuwa njiwa wa kijivu, na mguuni mwake palikuwa na pete ya kijani.

Ilikuwa asubuhi. Angalau saa ya ukutani ilisema hivyo, na katika mji ule saa ya ukutani haikubishiwa.

Mji ule haukuwa na jina. Watu wa kale waliliondoa, wakisema jina ni kamba: ukiliacha nje, yeyote aliye mbali anaweza kuushika mwisho wake akajivuta mpaka kwako. Kwa hiyo watu walisema tu "hapa". Na hapa kila mlango ulikuwa na beseni lake la dawa. Bibi harusi alikanyaga beseni kabla ya kukanyaga mkeka. Mtoto mchanga alichovywa visigino kabla ya kunyonya. Hata maiti, ambaye hana safari ya kurudi, alichovywa nyayo asije akapeleka kitu huko aendako. Mtu akipiga hodi hakuitikiwa karibu. Aliitikiwa, "Umetoka wapi?" Akijibu, aliulizwa, "Na kabla ya hapo?" Na kabla ya hapo? Na kabla ya hapo? Wengi walichoka wakiwa bado kwenye ujana wao, wakageuka wakaenda zao. Nyamizi, siku aliyokuja kuripoti kazini na cheti chake cha afya ya mifugo kikiwa bado kinanuka wino, alijibu mpaka akafika kwa bibi yake mzaa mama, ndipo komeo likasogea.

Kilichoogopwa ulikuwa ugonjwa. Ugonjwa gani, hakuna aliyeweza kusema. Waliuita Ule. Ule huja na ndege, walisema. Ule umemaliza miji mitatu huko ng'ambo ya uwanda, na ushahidi ni kwamba hakuna mtu wa miji hiyo aliyewahi kuja kukanusha. Kwa kuwa hakuna aliyeuona, kila mmoja aliuogopa kwa kadiri ya mwili wake: mwenye kifua aliuogopa kifuani, mwenye watoto aliuogopa watotoni, asiye na kitu aliuogopa zaidi kuliko wote, maana hakujua Ule utaanzia kumla wapi.

Kituo chenyewe kilikuwa kinu cha pamba cha zamani. Mashine zilikwishaondolewa lakini pamba haikuondoka; nyuzi zake bado zilining'inia kwenye waya na kwenye mapaa, na upepo wa uwandani ulipovuma zilielea chumbani kama manyoya madogo ya ndege ambaye hajaonekana.

Mkuu wa kituo, Bwana Lugoe, alitokea ofisini akifuta mikono. Kila wakati alikuwa akifuta mikono. Ngozi ya viganja vyake ilipauka kama karatasi iliyolowa ikaanikwa.

"Usimguse!"

"Sijamgusa, mkuu."

"Umemtazama?"

"Nimemtazama."

"Kutazama nako ni kugusa kidogo. Rudi nyuma hatua tatu. Ameingiaje?"

"Kwa miguu. Kapita kwenye beseni."

Lugoe aliacha kufuta mikono. "Kapita kwenye beseni," alirudia kwa sauti ya chini. "Basi kafundishwa. Nani kamfundisha? Jiulize hilo, binti."

"Labda alikuwa na kiu tu, mkuu."

"Msomi wewe!" Lugoe akacheka cheko lisilofika machoni. "Chuo kimekupa cheti, hofu hakikukupa. Usijali. Hofu tutakupa hapa hapa, bure, tena na nyongeza."

Lugoe alikosea. Nyamizi alikuja na hofu yake mwenyewe.

Alikuwa na miaka tisa alipookota njiwa aliyepotea, amelowa mvua, ana pete mguuni. Alimficha ndani ya blauzi, akausikia moyo wa yule ndege ukipiga juu ya moyo wake, mapigo mawili kwa moja, akamwingiza katika banda la kuku la mama yake apate joto. Siku ya tano jogoo alipinda shingo kama anayesikiliza kitu nyuma yake. Akaanza kuzunguka. Akazunguka, akazunguka, akaanguka akiwa bado anazunguka kwa macho. Kufikia mwisho wa juma banda lote lilikuwa kimya. Kideri, walisema majirani. Ugonjwa huo ulikuwa na jina, na jina halikusaidia kitu. Mama yake hakupiga kelele. Alichimba shimo, akawa anawashusha mmojammoja, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo vya udongo. Njiwa yeye hakufa. Aliruka siku ya saba, mzima, wala hakugeuka.

Nyamizi hakumwambia mama yake. Alikwenda chuoni miaka mingi baadaye akiwa amebeba swali moja, na siku alipolitoa mwalimu alilitazama kidogo akasema, "Inawezekana. Njiwa anaweza kubeba asionyeshe." Kisha akaongeza, kwa wema, "Na inawezekana siyo." Tangu hapo Nyamizi aliishi katikati ya maneno hayo mawili, kama mtu aliyepanga chumba baina ya majirani wasiosemezana.

Je, huruma yangu ndiyo iliyoua?

Na kama ndiyo, mtu huipeleka wapi huruma yake? Huichovya katika dawa gani?

*

Walimfunika njiwa kwa tenga, wakamsukuma taratibu kwa ufagio mpaka chumba cha karantini, ambacho zamani kilikuwa chumba cha kupimia pamba. Kilikuwa na mlango mmoja wa chuma wenye komeo ndani na nje, dirisha la wavu lililotazama ujia, na kitundu cha kupitishia chakula. Ukutani, nje ya mlango, kwa rangi nyekundu iliyochujuka, ilikuwa imeandikwa sheria. Lugoe alimsimamisha Nyamizi mbele yake.

"Soma kwa sauti. Kila mgeni kazini huisoma."

Nyamizi akasoma:

"Ndege mgeni atauawa siku ya kwanza, kabla ya jua kuzama. Akiivuka siku ya kwanza, asiuawe. Atakaa siku ishirini na moja, na akiwa mzima ataachiwa. Mtu aliyemgusa ndege mgeni hatauawa. Atakaa siku ishirini na moja. Kila aingiapo mtu chumbani humo, hewa ni mpya, na hesabu huanza upya."

"Umeona kosa?" aliuliza Lugoe.

"Hapana, mkuu." Na kweli hakuliona. Kila sentensi ilikuwa na akili. Yeye mwenyewe, kwa yale aliyoyaona bandani kwa mama yake, angeiandika vilevile.

"Hakuna kosa," alisema Lugoe kwa upole uliokaribia kuwa huzuni. "Basi vaa ovaroli la kinga. Liko moja tu, mengine yamechanika, ukilitoboa tumekwisha. Ingia, chukua sampuli kooni mwake, andika siku kwenye kitabu. Saa kumi na moja jioni utaingia tena umnyonge. Shingo, mara moja. Najua chuo kimekufundisha."

Ovaroli lilikuwa la plastiki nyeupe, zito, na ndani yake pumzi ya mtu ilimrudia mwenyewe ikiwa na harufu ya hofu ya watu waliolivaa kabla yake. Nyamizi akaingia. Njiwa alikuwa pembeni, kajikunja manyoya kama mtu aliyejifunika khanga mbili wakati wa homa. Na kwenye kitanda cha kamba palikuwa na mwanamke mzee mfupi, miguu haifiki chini, mkono wake wa kulia ukizungusha kitu kisichokuwepo: unadokoa, unageuza, unadokoa, unageuza.

"Shikamoo, bibi," alisema Nyamizi kwa mshtuko. Hakuna aliyemwambia kuna mtu.

"Marahaba. Usiogope, nageuza vitumbua. Miaka thelathini nimekaa mbele ya kikaango, mkono hauambiliki. Naitwa Bi Kibibi. Na wewe ndiye yule wa jana?"

"Hapana, bibi. Mimi ni mgeni, nimefika juma hili. Naitwa Nyamizi."

"Wote husema hivyo." Bi Kibibi alimkagua kuanzia mabuti hadi barakoa. "Aliyekushonea gauni hili hakukupenda hata chembe. Umekaa kama gunia la pamba lililofiwa."

Nyamizi alicheka kabla hajakumbuka kuogopa. "Umekaa humu siku ngapi, bibi?"

"Kitabu kile pale. Mimi sijui kusoma, wewe niambie."

Kitabu kilikuwa juu ya meza ya mawe, kimefungwa kwa mnyororo ukutani. Zamani, Lugoe alimweleza baadaye, kilikaa ofisini, mpaka karani mmoja akaandika siku ambazo hazikuwepo ili kumwachia shemeji yake. Ndipo kikafungwa humu ndani, mahali ambapo uongo hauwezi kukifikia.

Nyamizi akakifungua. Ukurasa wa mwisho uliandikwa jana: Siku ya kwanza. Wa nyuma yake: Siku ya kwanza. Akafunua kurasa kumi kwa pamoja. Siku ya kwanza. Siku ya kwanza. Akafunua haraka zaidi, glavu zikiteleza, wino ukibadilika kutoka bluu kwenda mweusi kwenda kahawia, miandiko ikibadilika, mwandiko wa haraka, wa kalamu mbovu, wa mtu mwenye bidii, na wote, wote, kila asubuhi, waliingia humu kuandika siku, na kwa kuingia wakaileta hewa mpya, na hewa mpya ikaifuta siku waliyokuja kuiandika.

Hakuna siku iliyowahi kuivuka ya kwanza. Si ya ndege. Si ya mtu.

Akaendelea kufunua kwa sababu mkono haukuweza kuacha. Na kwenye ukurasa uliozeeka, wa manjano, uliotobolewa na mende, aliona herufi "S" yenye mkia mrefu kupita kiasi, ile ambayo mama yake alimkemea tangu darasa la kwanza. Aliona nukta iliyokandamizwa mpaka ikatoboa karatasi, kama anavyokandamiza yeye. Ulikuwa mwandiko wake.

Alifika juma hili. Alikuwa na barua ya ajira mfukoni, yenye tarehe. Ama tarehe ile ilikuwa ya lini?

"Bibi," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba ndani ya plastiki. "Mimi nimewahi kuja humu?"

Bi Kibibi aliacha kugeuza vitumbua. "Umeona mwandiko wako."

"Nimeuona."

"Hata yule kabla yako aliuona wake. Na wa kabla yake. Woga una mwandiko mmoja, mwanangu. Kaa chini upumue."

Lakini Nyamizi hakukaa. Akachukua kijiti cha pamba, akamshika njiwa kwa glavu, akamfungua mdomo. Ndani ya koo palikuwa pekundu, penye uhai, padogo kama sehemu ya ndani ya ua. Je, palikuwa pekundu mno? Alitafuta utando mweupe, akatafuta ute. Shingo ilikuwa imenyooka. Au ilikuwa imeinama kidogo? Chuo hakikumfundisha kwamba mtu anayeogopa huona dalili katika kila kilicho hai. Aliandika siku. Alipotazama alichokiandika, mkia wa ile "S" ulikuwa mrefu.

*

Mchana ulipita kama mtu anayepita nyuma ya pazia. Nyamizi alikaa ujiani, upande wa nje wa wavu, na Bi Kibibi upande wa ndani, kati yao nyuzi za pamba zikipanda na kushuka.

"Ulimgusa njiwa gani, bibi?"

"Njiwa tu. Aliangukia kikaangoni kwangu, ukingoni, mafuta hayakumfika. Nikamtoa kwa mkono. Ningemtoa kwa nini, kwa barua?" Alishusha pumzi. "Wakanileta humu, wakaniambia siku ishirini na moja. Nikasema si neno, hata mfungo una siku zake. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nami nimelingoja jembe langu, mwanangu, nimelingoja! Kila nikiuliza ninaambiwa, bado, bibi, leo ndiyo kwanza umefika. Nimekuwa mgeni mpaka nimezeeka ugenini, na hata maji ya kunawa bado wananiletea kwa adabu."

Akacheka. Kisha cheko likakatika katikati, akatazama sakafu.

"Nao walioingia humu, kila mmoja aliniahidi kunitoa. Walikuwa watoto wazuri. Mmoja alilia pale ulipokaa. Ahadi zao zilikuwa kubwa, na ahadi kubwa hufia njiani kwa uzito wake. Kwa hiyo mimi sitaki kutolewa. Nataka kidogo tu."

"Sema, bibi."

"Siku ya pili ikifika, nisomee. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, maana wanaweza kuandika lolote nami nisijue. Nataka kuisikia mara moja. Baada ya hapo waniache humu mpaka nioze, sitawadai."

Nyamizi alijua kwamba jambo hilo haliwezekani. Kitabu kimefungwa ndani. Wa kuandika lazima aingie. Akiingia, siku inakufa. Likamzunguka kichwani kama jogoo wa mama yake.

"Nitakusomea," alisema.

Kwa nini ulisema hivyo, Nyamizi?

Kwa sababu alikuwa ananitazama.

Na njiwa?

Njiwa pia alikuwa ananitazama.

Basi utaua kwa mara ya pili, kwa sababu ya kutazamwa.

Upepo ulizidi. Aliliegemeza paji la uso kwenye wavu, na hapo, katikati ya hofu, jambo dogo na wazi lilimjia, wazi kiasi kwamba aliona aibu kwa niaba ya mji mzima. Anayeiua siku ni yule anayeingia. Lakini yule ambaye hakutoka haiui siku. Mhesabuji akiingia mara moja, akabaki, asubuhi haitamkuta mlangoni. Itamkuta ndani, pamoja na wanaohesabiwa, hewa moja na wao. Hakuna atakayeingia. Na siku itavuka.

Miaka yote hiyo, watu wote wale wenye bidii, na hakuna aliyeikosea hesabu hii kwa ujinga. Walikosea kwa sababu kila mmoja, alipokuwa akiandika, alikuwa tayari ameweka mguu mmoja njiani kutoka.

Kisha akaelewa gharama yake.

*

Saa kumi na moja Lugoe alimkabidhi ovaroli kwa ncha za vidole.

"Shingo, mara moja," alikumbusha. "Usimtazame machoni. Nami nilitazama wa kwanza, ikanichukua juma zima kupata usingizi."

"Ulianza kazi lini, mkuu?"

Lugoe alikunja uso, akatafuta. "Juma hili," alisema. Akagusa ndevu zake, ambazo zilikuwa nyeupe, akazishangaa. "Nimekuja... juma hili."

Nyamizi aliingia. Akafunga mlango wa chuma nyuma yake. Akasikiliza moyo wake mwenyewe ukipiga mawili kwa moja, kisha akasukuma komeo la ndani mpaka likagonga mwisho.

"Nini hicho?" Lugoe aliita kutoka ujiani. "Binti, nini hicho nimesikia?"

Nyamizi akavua barakoa. Hewa ya chumba ilimwingia yote kwa mara moja: vumbi, pamba, kinyesi cha ndege, kikwapa cha mwanamke mzee, na chini yake kitu kitamu kidogo alichokitambua, au alichodhani amekitambua, kutoka kwenye shimo la mama yake. Akavua glavu. Akavua ovaroli, akalikunja vizuri kama sare ya shule, akaliweka mezani. Lilikuwa moja tu kituoni.

"Bibi," alisema, "nimekuja kukaa, ukiniruhusu. Huenda ndege huyu ni mgonjwa. Sijui. Nimemkagua na sijui. Nikikaa, tutavuta hewa moja sote watatu. Ukikataa nitatoka sasa hivi."

Bi Kibibi alijisogeza kitandani. "Huyo nimelala naye mchana kutwa chumba kimoja, unaniuliza sasa? Sogea upande wa ukuta. Mimi hukoroma."

Lugoe alikuwa kwenye wavu, vidole vyake vilivyopauka vimeingia matunduni. "Fungua. Fungua, Nyamizi, usinifanyie hivi. Jua linazama!"

"Ingia, mkuu. Komeo si gumu, patasi italing'oa. Lakini ovaroli liko huku."

Nyuma ya Lugoe, ujiani, watu walikwisha kukusanyika, maana habari mbaya haihitaji kupiga hodi. Mmoja alisema mlango uvunjwe. Mwingine akasema avunje yeye. Mwingine akasema kwa nini mimi, nina watoto. Na kila mmoja, Nyamizi aliona, alikuwa akirudi nyuma hatua tatu, halafu tatu nyingine.

"Kuna kuku mjini," alisema Lugoe, na sasa hakuwa mkuu, alikuwa mtu tu, sauti inamtetemeka. "Kuna watoto. Unadhani mimi nafurahia? Unadhani mimi sina moyo? Kikitoka kitu humo, nani atawajibu?"

"Najua kilivyo," alisema Nyamizi. "Nilikiona. Nilikuwa na miaka tisa, na nadhani mimi ndiye niliyekileta." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na alilisema mbele ya mji mzima usiokuwa na jina. "Kwa hiyo sitamtoa nje, mkuu. Wala hatatoroka. Nimejifungia naye. Kikiwa kimo, kitaanza na mimi."

"Nikishafuta jina lako kwenye daftari la mji," alisema Lugoe, "hata siku ishirini na moja zikiisha, hutakuwa na mlango wa kugonga. Hakuna atakayekuuliza umetoka wapi. Hawatakuuliza kitu. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Mama yako akija je?"

Hapo Nyamizi alikaa chini, kwa sababu hilo hakuwa amelihesabu.

"Nitafuta, binti."

"Futa, mkuu."

Jua lilizama bila ya njiwa kuuawa. Watu waliondoka ujiani kimyakimya, mmojammoja, kama wanaotoka msibani kabla ya kuzika. Usiku ule hautasimuliwa. Yatosha kusema kwamba ulikuwa na pande nyingi, na kila upande Nyamizi alioulalia alimsikia njiwa akipumua: pumzi fupi, yenye mkwaruzo, kisha hakuna, kisha tena. Alijishika shingo mara nyingi kuona kama imenyooka. Alimwomba mama yake msamaha kwa maneno, kisha bila maneno.

*

Mwanga ulikuja kupitia wavu ukiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Hakuna aliyeingia. Ujiani palisikika hatua zikija, zikasimama, na Nyamizi alijua ni Lugoe, aliyekuja kwa mazoea ya kumtuma mtu akaandike. Hatua zikasubiri. Kisha zikarudi zilikotoka, polepole, za mtu mzee sana au za kijana aliyechoka.

Koo lilikuwa linamwasha. Huenda ni vumbi la pamba. Huenda ni kulia. Njiwa alikuwa amesimama katikati ya sakafu, manyoya bado yamevimba, jicho moja limefumba. Alikuwa hai, na zaidi ya hapo hakuna kilichoweza kusemwa juu yake.

Nyamizi alikwenda mezani, mnyororo ukalia. Aliandika neno la kwanza, akaandika la pili, na alipofika la tatu kalamu ilisimama peke yake, kwa mazoea ya mikono yote iliyoishika kabla yake, ikitaka kuandika lile neno jingine. Akaisukuma.

Bi Kibibi alikuwa ameketi kitandani, miguu haifiki chini, mikono yake yote miwili imetulia mapajani. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani vizuri, kama mtu anayesubiri wageni.

"Umeandika?"

"Nimeandika, bibi."

"Mbona umenyamaza? Uliniambia utanisomea."

Nyamizi alimeza mate, na kumeza kukauma. Kitu kilikuwa kooni, hakika sasa, kitu kikavu chenye ncha, na aliogopa kwamba akifungua mdomo kikohozi ndicho kitakachotoka, na mwanamke huyu atajua, na ujia mzima utajua. Akafungua mdomo.

"Siku ya pili," alisoma.

Bi Kibibi alifumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, kama anayeonja kitu kama kina chumvi ya kutosha.

"Sauti yako imekwaruza, mwanangu," alisema. "Inakuuma?"

"Inaniuma, bibi."

"Pole." Kisha, kwa aibu ya mtoto: "Basi mara moja tu tena. Sikuisikia vizuri."

Nyamizi akakiinua kitabu mpaka mnyororo ukakaza, akakisogeza penye mwanga, akamsomea.